Tununue Sasa au Tusubiri?

(Mada iliyowasilishwa mbele ya wamiliki wa maduka ya steshenari, wazazi na wanafunzi)



Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka; ya pili, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu anayetaka kubadilisha kompyuta yake mpakato husimama katikati ya methali hizo, fedha zikiwa mkononi. Nia yangu leo ni kumsaidia kuamua.

Swali la kwanza: kompyuta uliyonayo inashindwa kazi gani? Kusema "imechoka" hakutoshi. Mashine inayochelewa kuwaka mara nyingi ina diski ya kizamani, yenye sahani inayozunguka. Fundi akiweka diski ya SSD na kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8, mashine hiyo hiyo yaweza kuendelea kuandika barua na kupiga hesabu za duka kwa muda mrefu. Betri iliyochoka nayo hubadilishwa. Hata hivyo, katika kompyuta nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye ubao na haiwezi kuongezwa. Mwulize fundi kabla hujanunua kifaa.

Swali la pili ni usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, lakini mianya mipya haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa masasisho ya ziada, ambao kwa watumiaji binafsi ulitangazwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo huhitaji, pamoja na mambo mengine, kichakato kilichoidhinishwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine isiyo na sifa hizo, na ambayo hutumika kufanya miamala au kutunza nyaraka za wateja, haifai kusubiri sana. Asiyeweza kununua nyingine anaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo.

Swali la tatu ni bei. Wengi husubiri wakiamini kwamba vifaa hivi hushuka bei kila mwaka. Si lazima iwe hivyo. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2025, bei ya chipu za kumbukumbu ilipanda duniani, kwa kuwa vituo vikubwa vya data vya akili unde vilizihitaji kwa wingi. Kwa hiyo asubiriye awe na sababu na tarehe, si matumaini matupu.

Ndugu zangu, nami niliwahi kuteleza. Nilipokuwa chuoni nilinunua kompyuta iliyotumika kwa sababu ya bei yake tu. Sikuuliza umri wa betri, wala sikudai risiti. Wiki ya tatu ikazimika, nikiwa katikati ya tasnifu yangu. Muuzaji alinitazama kama mtu asiyenijua, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Fedha ile mama yangu aliipata kwa kuuza mazao ya msimu mzima.

Kwa hiyo, ukiamua kununua, iwashe mashine dukani na uitumie bila chaja kwa nusu saa. Hakikisha kwamba ukubwa wa diski na RAM unaoonekana ndani ya mashine ni ule ulioandikwa nje. Dai risiti ya kielektroniki, na masharti ya dhamana yawe kwa maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na ushahidi ni vigumu kuyatetea.

Kwa muhtasari: ikiwa kasoro inatengenezeka na usalama upo, tengeneza. Ikiwa usalama umekwisha na kazi yako inautegemea, nunua. Ikiwa unachokitamani ni upya tu, subiri. Ada ya mtoto haisubiri.