Fyuzi Ikiungua, Usifunge Waya: Kuisaka Shoti Kwenye Pikapu Kuukuu

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Karibuni tena katika kipindi chetu cha kazi za mikono. Wengi wenu mnaijua njia ya Mpondwe, Bwera na Kasese, na mnazijua pikapu kuukuu zinazobeba watu, mihogo, kahawa na chumvi kwenye njia hiyo. Leo tunaye fundi umeme wa magari anayeifanya kazi hiyo huko huko. Atatueleza shoti ni nini, inatafutwaje, na kwa nini inaweza kuteketeza gari na waliomo. Mwenye daftari aandike. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, ndugu mtangazaji. Nawasalimu baba zetu, mama zetu na vijana wote mnaosikiliza. Nina neno moja kubwa leo, na nitalisema mapema ili hata atakayeondoka kwenda kuchota maji awe amelipata: fyuzi ikiungua, usifunge waya mahali pake. Tafuta kilichoiunguza.

Tuanze na shoti yenyewe. Kwenye gari, umeme unatoka kwenye betri kwa waya, unapita kwenye fyuzi na swichi, unafika kwenye taa, unafanya kazi yake ya kuwasha, kisha unarudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari. Ndiyo maana kichwa kimoja cha betri, kile chenye alama ya kutoa, kimefungwa kwenye bodi. Gari zima ni njia ya kurudia. Sasa, waya ukichubuka na shaba yake ikagusa chuma kabla ya kufika kwenye taa, umeme umepata njia ya mkato. Haujafanya kazi yoyote, na hakuna cha kuupunguza kasi. Hiyo ndiyo shoti.

Watu wa Kasese wanaijua shaba. Ilichimbwa Kilembe, juu kidogo ya mji, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 iliipeleka mpaka Jinja kuyeyushwa. Shaba inapendwa kwa nyaya kwa sababu inapitisha umeme kwa urahisi sana. Lakini waya mwembamba wa taa za nyuma umetengenezwa kwa mzigo mdogo. Taa nne ndogo za wati 5 kila moja zinavuta ampea 2 hivi, basi. Betri ya volti 12 iliyo chini ya boneti ni ile ile inayozungusha starta, na inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Ukiupitisha umeme wa namna hiyo kwenye waya wa taa, waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, plastiki yake inayeyuka, na nyaya za jirani zinashika moto pamoja nao.

Hapo ndipo fyuzi inapoingia. Fyuzi ni kipande cha chuma kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya. Mzigo ukizidi, kinakatika chenyewe ili waya usiungue. Fyuzi za kisasa zina rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Pikapu za zamani nyingine zina fyuzi za kioo, lakini namba imeandikwa kwenye kofia yake ya chuma. Ukitoa ya 10 ukaweka ya 30, umemwambia mlinzi asinzie. Ukifunga waya au karatasi ya pakiti ya sigara, umemfukuza mlinzi kabisa. Sasa kitu dhaifu kuliko vyote ni waya wenyewe, nao umepita chini ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria, na chini ya gari karibu na tangi la mafuta.

Najua kwa nini dereva anafunga waya. Jua limezama, amefika Kikorongo, mbele yake kuna Kinyamaseke, Kisinga, ndipo Bwera. Nyuma amebeba watu, pengine mama mwenye uchungu wa kuzaa. Taa za nyuma zimekufa, na hizi ni sehemu za kando ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako wanyama wanaweza kuvuka barabara usiku. Anataka kufika. Ninamwelewa. Lakini gari lisilo na taa za nyuma linaweza kugongwa, na gari lenye waya badala ya fyuzi linaweza kuwaka moto likiwa na watu ndani. Cha kufanya ni kuegesha nje ya barabara na kutafuta tatizo, au kuwahamishia watu kwenye gari lingine.

(Muziki mfupi.)

FUNDI: Sasa tuitafute shoti. Huhitaji mashine ya bei. Unahitaji balbu ya indiketa au ya breki, ile ya volti 12 na wati 21 yenye uzi mmoja ndani, na vipande viwili vya waya. Kimoja kifunge kwenye kitako cha balbu, kingine kwenye ubavu wake wa shaba. Hiyo ndiyo taa yako ya kupimia. Itashika joto, kwa hiyo usiiache juu ya kiti au plastiki.

Tuseme pikapu yetu inaunguza fyuzi kila ukiwasha taa ndogo. Fuata hatua hizi.

Kwanza, vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa kichwa cha betri na bodi kwa pamoja, itakuunguza kidole mpaka kwenye mfupa. Usivute sigara karibu na betri, kwa sababu betri inapochajiwa inatoa gesi inayolipuka. Kila utakapotaka kukata au kuunga waya, fungua kwanza kichwa cha betri chenye alama ya kutoa. Wakati wa kurudisha, hicho kifungwe cha mwisho.

Pili, toa balbu zote za njia hiyo: za nyuma, za mbele, na ya namba ya gari. Zima swichi ya taa.

Tatu, toa fyuzi iliyoungua, na mahali pake chomeka ncha mbili za taa yako ya kupimia. Washa swichi. Sasa tazama. Balbu zote za gari zimetolewa, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda. Taa yako ikibaki imezimika, waya ni mzima kwa sasa, na ugonjwa uko kwenye balbu mojawapo au kwenye kishikio chake. Ikiwaka hafifu, huenda ni vitaa vya dashibodi vinavyovuta kidogo. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, umeme unapita kwenye shoti, na taa yako inakuonyesha.

Uzuri wa njia hii ni kwamba balbu ya wati 21 hairuhusu hata ampea 2 kupita. Waya haupati joto, fyuzi haziungui ovyo, na unaweza kuiacha ikiwaka huku unatafuta. Mtu anayejaribu kwa kuweka fyuzi mpya kila mara anamaliza pakiti nzima bila kujifunza kitu.

Nne, igawe njia nusu kwa nusu. Tafuta kiungio cha nyaya zinazoelekea nyuma, mara nyingi kipo chini ya gari au nyuma ya kiti. Kitenganishe. Taa yako ikizimika, shoti iko upande wa nyuma. Ikiendelea kuwaka, iko mbele. Kwa tendo moja umeokoa nusu ya kazi. Endelea kugawa upande wenye ugonjwa mpaka ubaki na kipande kifupi.

Tano, pitia kipande hicho kwa macho na mikono. Tikisa waya polepole huku mwenzako akiitazama taa. Ikipepesa, umefika. Angalia kwanza mahali ambapo waya unapenya tundu la bati na raba yake imekatika, kwenye bawaba za mlango, juu ya ekzosi, mahali panya wametafuna, na pale mtu alipounga redio, taa za ziada au chaji ya simu. Angalia pia mahali ambapo chesisi ilichomelewa, maana moto wa welding unayeyusha nyaya zilizo karibu.

Kwa magari yanayobeba chumvi ya Katwe, fungua na vishikio vya taa za nyuma. Chumvi inapenda maji, na ikishalowa inakula shaba mpaka inageuka kijani na kuwa unga. Unga huo na unyevu wake vinaweza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Shoti ya namna hii inakuja wakati wa mvua na kupotea jua likiwaka, na mwenye gari anadhani amelogwa. Hajalogwa. Asafishe vishikio kwa maji safi, avikaushe vizuri, na aoshe chini ya gari kila baada ya kubeba chumvi.

Sita, tengeneza ipasavyo. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa, unga kwa waya wa unene ule ule, funga tepu ya umeme, si karatasi ya nailoni. Uvishe waya kipande cha mpira pale unapopita kwenye bati, na uufunge mbali na ekzosi. Rudisha balbu zote, kisha weka fyuzi mpya yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha fyuzi. Ikidumu baada ya kupita kwenye mashimo ya barabara, kazi imekwisha.

Na moto ukitokea? Zima gari, toa watu wote kwanza, wasogeze mbali. Tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga. Usimwage maji kwenye petroli inayowaka, yataitawanya. Mizigo iache.

Huenda mtu anasema, mimi sina gari. Lakini una sola? Betri ya sola nyumbani mara nyingi ni ya volti 12 pia, na shoti yake ni ile ile. Nyumba ya turubai au ya nyasi inawaka upesi kuliko gari, na watoto wamelala ndani. Weka fyuzi karibu na kichwa cha betri, kwenye waya wenye alama ya kujumlisha. Nyaya zisipite chini ya godoro wala kubanwa na mlango. Na ikiungua, unajua sasa: usifunge waya.

Kwa vijana: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Ufundi huu unaanza na balbu moja na subira. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fyuzi iliyoungua ndiyo ufa wenyewe.

MTANGAZAJI: Asante sana, fundi. Viongozi wa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kujadili baada ya kipindi:

1. Katika eneo lenu, watu hufanya nini fyuzi ikiungua? Hatari yake ni ipi?
2. Kwa nini balbu ya kupimia ni salama kuliko kuweka fyuzi mpya kila mara?
3. Nani kati yenu ana betri ya sola nyumbani isiyo na fyuzi? Mtasaidianaje kuiweka wiki hii?

Mpaka wakati mwingine, kaeni salama.

(Muziki wa kipindi unapanda mpaka mwisho.)