Mvua ya Kwetu na Maji ya Bwawa



Wengi wetu wa Kibera na Kawangware huuliza: yawezekanaje mvua itujazie matope mlangoni, na mfereji ukae mkavu? Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Hujazwa na mito itokayo milima ya Nyandarua. Mvua ya kwetu haiongezi humo hata tone. Nalo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera liwe akiba ya mji, limeharibiwa na maji machafu na magugu.

Basi mvua yetu tuikinge wenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 za mraba, likipata milimita 20, hutoa lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20, ambayo huuzwa kwetu ghali kuliko maji ya wenye mifereji nyumbani. Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa huosha paa. Ya kunywa yachemshwe.

Twawaomba wenye nyumba waruhusu gata, na wapangaji wa kila ploti wachange fedha za tangi moja, kabla masika hayajaanza.