Mtoto Aulizwe Kabla ya Kupigwa

Wasikilizaji, mzazi anaposhuku kwamba mwanawe anavuta bangi au anatumia unga, mara nyingi fimbo hushikwa kabla ya neno kusemwa. Lakini mtoto aliyepigwa kabla ya kuulizwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha vizuri zaidi.

Mathalani, mama wa mji wa Malindi ana kijana wa miaka 15. Fedha za mafuta ya taa zapungua, macho ya kijana ni mekundu, na mwalimu aleta habari kwamba haonekani darasani. Hizo ni dalili, si ushahidi. Ugonjwa, huzuni au kuonewa na wenzake huweza kuleta mambo kama hayo. Kwa hiyo yampasa mama kuuliza, si kuhukumu.

Haifai kuuliza kijana akiwa amelewa, wala mbele ya wageni na wadogo zake. Wakati mwema ni jioni, wawili hao wakichagua mchele. Mama na aanze na aliyoyaona mwenyewe: "Mwanangu, siku hizi shuleni huonekani, nami nina wasiwasi. Una nini?" Kijana akijibu, "Sina kitu, mama," asimlazimishe. Na amwambie, "Haya. Siku yoyote utakayotaka kusema, nitakusikiliza," kisha amwulize tena siku nyingine.

Akikiri, kwanza ashukuriwe kwa kusema kweli, ndipo aelezwe sheria ya nyumba. Maonyo nayo yawe ya kweli. Mzazi akisema bangi huua siku ile ile, kijana aliyewaona wenzake wakivuta hatamsadiki tena. Yatosha kusema kwamba bangi hudhoofisha kumbukumbu, na ubongo wa kijana ungali unakua. Na kwamba unga humfunga mtu upesi, na ukizidi humkata pumzi akafa.

Wala mzazi hakuachwa peke yake. Matibabu ya methadoni kwa waliofungwa na unga yalianza nchini Kenya mwaka 2014, na baadaye yakafika Malindi na Mombasa. Shirika la serikali liitwalo NACADA nalo lina simu ya ushauri isiyolipiwa, namba 1192.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi heri nyumba ambamo mtoto aweza kusema ugonjwa wake mapema, kuliko ile ambamo fimbo imemfunga kinywa.