Umeme wa Gari na Umeme wa Ghala
(Mazungumzo kwa makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi, Kahororo)



Chama kinapohitaji taa ghalani, mara nyingi huitwa fundi aliye karibu, naye huwa ni fundi wa magari. Ustadi wake haukataliwi. Ila mazoea yake yaweza kuua mtu.

Katika gari, waya mmoja hutoka kwenye betri ya volti 12, au 24 kwa malori mengi, ukapita katika fyuzi na swichi hadi kwenye taa. Umeme hurudi kwa bodi yenyewe ya chuma, wala haimdhuru anayeigusa. Ghalani ni volti 230. Mwenye kulifanya bati la paa njia ya kurudishia umeme amemtegea mchukuzi mauti. Humo nyaya ni tatu: wa moto, wa kurudi na wa ardhi. Swichi sharti ikate wa moto. Ikikata wa kurudi, taa huzimika huku kishikio chake kingali na umeme.

Fyuzi nayo hupuuzwa. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5 garini, lakini ghalani hata ampea moja haifiki. Fyuzi ikikatika pasipo sababu ya wazi, kuna hitilafu. Wapo wanaofunga badala yake kipande cha waya mnene! Hapo utakaoungua ni waya wa ukutani, jirani na magunia ya kahawa ambayo wakulima hawajalipwa.

Kabla ya msimu, katibu na amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, akague nyaya zote, na taarifa yake isomwe mbele ya halmashauri.