Nani mwenyeji wa Lubumbashi?

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya neno linalosikika sokoni na hata shuleni: "Rudi kwenu." Ni neno fupi, lakini katika Katanga limekwisha kufukuza watu mara mbili.

Tukumbuke mwanzo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Kampuni ya Union Minière ilitaka watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba, na wa karibu hawakutosha. Ikaandika watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka Kasai. Mwaka 1928 reli ya Ilebo ilifunguliwa, na safari ya Kasai ikawa nyepesi. Watu hao waliitwa. Walipewa nyumba kambini na posho, wakazaa watoto, na Kiswahili cha Lubumbashi kikakua katikati yao.

Lakini tuseme ukweli wote. Balamba na wenzao walikuwa hapa kabla ya kampuni, na wengi waliona kazi nzuri zikishikwa na wengine. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Baada ya uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, wanasiasa waliuchukua wakaufanya silaha. Mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini.

Mara ya pili ilikuwa 1992 na 1993. Kwenye mikutano ya hadhara watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Baada ya maneno yakaja mawe na moto. Familia zilizozaliwa Likasi na Kolwezi, nyingine hazijaiona Kasai hata siku moja, zililala kwenye stesheni zikingoja treni. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Je, waliobaki walipata kazi zaidi? Hapana. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka tangu 1990, na mwaka 1994 Gécamines haikufikisha hata tani 50,000 za shaba. Jirani alifukuzwa, na njaa ikabaki.

Tena, kukimbia si jambo la kabila moja. Vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017 viliwatoa watu Kasai. Lakini kabla ya hapo, watu wa Mitwaba na Pweto, wana wa Katanga hii hii, walikimbia vijiji vyao kwa sababu ya Bakata Katanga. Anayepokea leo anaweza kupokelewa kesho.

Katiba ya 2006 inasema wazi. Kifungu cha 30 kinampa kila Mkongomani haki ya kukaa popote nchini, na cha 51 kinaiamuru Serikali ilinde maisha ya amani kati ya makabila yote. Sheria hiyo haimnyang'anyi mwenyeji kitu. Mzee wa ardhi anabaki mzee wa ardhi, na mgeni anapaswa kumheshimu na kumwuliza kabla ya kulima au kujenga.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Wazazi, andikisheni kila mtoto kwenye komini kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa, ili kesho asiambiwe hana kwao. Wakuu wa mitaa, gawanyeni msaada kwa kuangalia shida, si jina la ukoo, na muwaite wenyeji maskini pia kwenye orodha. Na sote, wakati wa uchaguzi, tukisikia mtu anamwita jirani mdudu, tusicheke. Tumkatishe pale pale, kabla neno halijafika kwa vijana wenye mawe.

 Sasa ni zamu yenu: tunangoja maswali.