Picha Nzuri ya Buabua Hupatikana kwa Mbali
Mazungumzo kwa wapiga picha, manahodha na waongoza watalii



Msimu wa kusi, kati ya Juni na Oktoba, buabua huja kutaga Whale Island, kile kisiwa kidogo cha mwamba kwenye mlango wa Mida Creek, hapa Watamu. Kisiwa kimo katika eneo la hifadhi ya bahari lililotengwa mwaka 1968, ambalo husimamiwa na KWS. Wanaotaga hapo ni wa aina mbili. Mmoja ni mweupe, na kifua chake huingia rangi ya waridi wakati wa kuzaa. Wa pili ana mgongo wa kahawia iliyoiva, naye hupenda kuficha yai lake chini ya ukingo wa jiwe.

Kila mpiga picha hutamani picha moja: buabua anarudi na samaki mdomoni, mwenzake anamfukuza ampokonye. Wanapinda, wanashuka, wanapanda, na baada ya sekunde chache mambo yamekwisha. Wengine hudhani dawa ni kusogea karibu na viota. Hapo ndipo kosa lilipo.

Buabua hajengi kiota cha majani. Mtu akisogea, mzazi huruka na yai hubaki wazi. Mwamba wa adhuhuri huchoma hata nyayo za mtu, sembuse yai. Shakwe na kunguru nao hawahitaji muda mrefu. Picha imepatikana, kifaranga amepotea.

Lakini mbio zenyewe hufanyika angani, juu ya maji, pale wenye samaki wanapopita. Mashua ikae mbali, kando ya njia yao. Lenzi iwe ya milimita 400 au zaidi. Kasi ya shata iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, na kamera iwekwe kwenye fokasi ya kufuatilia na picha za mfululizo. Ndege hutua akiukabili upepo. Basi upepo ukiwa mgongoni mwa mpiga picha, ndege humjia uso kwa uso. Tena, asimfuate anayefukuza. Amfuate mwenye samaki, kwa maana wengine wote watamjia huyo.

Ndege wakiinuka kwa pamoja na kupiga kelele juu ya vichwa vya watu, hiyo ni ilani: nahodha arudi nyuma mara moja. Droni isirushwe juu ya viota. Na mgeni akiongeza pesa ili ashushwe kisiwani msimu wa mayai, jibu ni hapana.

Buabua wakisumbuliwa mno huacha mayai na kuhama wote. Wakihama, hakuna picha, na nahodha hana mgeni wa kumpeleka. Mpiga picha anayekaa mbali leo ndiye atakayepata cha kupiga mwakani.