Kizuizi cha Barabarani na Kizuizi cha Dukani

Yohane Mbatizaji aliwakataza askari kunyang'anya watu mali. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, mwezi Juni 2022, waliwatoza wenye malori kodi kwa mtutu wa bunduki. Mfanyabiashara anayelipa ili aokoe uhai wake hatumhukumu. Dhambi ni ya mnyang'anyi. Lakini akitumia msiba huo kupandisha bei ya chumvi kupita hasara aliyoipata, naye amesimamisha kizuizi chake dukani, na anayelipa hapo ni mjane asiye na silaha. Tumwombe Mungu atuondolee vizuizi vyote viwili: kile cha njiani na kile cha moyoni. Amina.